Alama Nyekundu Kwenye Kinywa cha Bibi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia Bibi yangu, mbele ya majirani zake, kwamba simu haikosei.

Nalitaja mapema kwa sababu mengi yanayofuata yalitoka hapo. Tena huenda wewe unayesoma una mzee nyumbani ambaye siku hizi anakula kidogo, anaongea huku ameziba mdomo kwa mkono, na ukimuuliza anakujibu kwamba iko sawa. Mimi niliambiwa iko sawa kwa msimu mzima wa kiangazi. Niliamini kwa sababu kuamini kulinipa nafasi ya kuendelea na kazi yangu.

Naitwa Wani. Ninaishi Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ninatengeneza programu za simu. Sikusomea kazi hii darasani. Nilijifunza kwa kutazama video za watu nisiowajua, nikisimamisha na kurudisha nyuma mpaka nielewe. Aliyejifunza peke yake hukaa na hofu ambayo haimwachi: kwamba kuna ukurasa mmoja aliouruka, ule ambao wengine wote waliusoma, na siku moja utamwaibisha. Kwa hiyo mimi hurudia kila kitu. Kuna kitufe kimoja nilichokibadilisha rangi mpaka macho yakaniuma.

Programu ninayoizungumzia ilikuwa ya kuwafundisha wazee afya ya kinywa. Wazo lilinijia huko Ayivu, nilipoona wazee wakivumilia jino mpaka uso unavimba, wakisema ndio uzee. Niliweka mchoro wa kinywa chenye meno yote. Mzee anagusa pale ambapo hana jino, na jino linageuka jekundu. Mwishoni sauti inasoma matokeo na kutoa alama, na chini yake unatokea uso unaocheka au unaolia. Ule uso unaolia niliuchora mwenyewe. Nilijivunia machozi yake.

Nilipotaka kuijaribu nilienda Dranya, huko Koboko, kwa Bibi Kiden, mama wa baba yangu. Ndiye aliyenilea. Babu alikuwa askari, kwa hiyo nyumbani kwetu Kikakwa, lugha ya kabila letu, kiliishi pamoja na Kiswahili cha kambini, kile cha "iko" na "hapana". Bibi hukitumia kwa kila mtu asiye Mkakwa, kwa utani na wenzake, na kwangu pia, hasa akiwa amefurahi sana au amekasirika sana. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwisho wa mvua, na simsim ilikuwa imefungwa mafungu mashambani ikikauka. Wazee walikaa kwenye mabenchi nje ya kanisa.

"Leta hiyo kitu," Bibi alisema kabla sijamaliza maelezo. "Mimi nitaanza. Mjukuu yangu ndiyo alitengeneza."

Aliishika simu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea bakuli la moto. Akagusa meno ya mbele ya chini, moja baada ya jingine, yote manne. Yakawa mekundu. Akagusa na gego moja la juu. Sauti ya mashine nilikuwa nimeiongeza nguvu ili wazee wote wasikie, na wote walisikia.

"Kinywa chako kiko katika hali mbaya. Meno hupotea kwa sababu ya uchafu."

Uso ukalia machozi yangu mazuri.

Mzee Lomoro, ambaye amekuwa akimtania Bibi tangu ujana wao, alijipiga goti. "Kiden! Hata simu imekuangusha mtihani!"

"Ongeza sauti," akasema mwingine, "watu ya Koboko mjini pia wasikie!"

Walicheka wote. Kama ningewatazama badala ya kutazama simu, ningeona kwamba karibu kila kinywa kilichokuwa wazi pale kilikuwa na pengo lile lile.

"Hii meno hapana uchafu," Bibi alisema. Hakucheka. "Hii walitoa. Mimi ilikuwa msichana. Walitoa na chuma, na mimi hapana lia."

Kwa Wakakwa wa rika lake, na kwa Walugbara pia, meno ya mbele ya chini yaling'olewa mtu alipokuwa anakua. Huo ndio ulikuwa uzuri. Msichana aliyebaki nayo aliambiwa ana mdomo wa punda. Mimi nilijua habari hiyo tangu zamani. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikitia kidole katika pengo hilo, naye akijifanya ananing'ata. Lakini siku ya kuchora kinywa sikuikumbuka. Mchoro niliuchukua mtandaoni, ni kinywa cha mtu ambaye hakuna anayemjua Dranya, na nikawapima watu wetu kwa hicho.

Kama ningesema samahani hapo hapo, pasingekuwa na hadithi. Ila niliogopa kwamba wazee wanaicheka kazi yangu.

"Bibi, hii ni sayansi," nilisema. "Simu haikosei."

Akanirudishia simu. Akavuta ncha ya kitenge chake akafunika mdomo. Nilidhani ni vumbi.

Kiangazi kilipita hivyo. Kila nilipoenda Dranya nilimkuta na kitenge mdomoni, na sikujiuliza. Alianza kula peke yake, baada ya sisi kumaliza. Halafu akaacha ugali wa muhogo, akasema ni mzito. Akaacha maharage. Akabaki na uji. Nguo zilianza kumning'inia mabegani. Nikikaa karibu naye nilisikia harufu ambayo haikuwa ya zamani, na mimi, mtu wa programu ya kinywa, nilijiambia ni tumbako. Bibi alikuwa na kawaida ya kuweka kidonge cha tumbako shavuni, upande wa kushoto, tangu alipofiwa na mume. Nilirudi Manibe nikaendelea kusogeza herufi kwenye skrini, kidogo kulia, kidogo kushoto.

Mvua za kwanza zilipofika watu wakashika majembe, yeye alibaki ndani. Baba mdogo Taban, anayeishi naye boma moja, akanipigia simu.

"Njoo uchukue mama. Hapana kula. Itakuwa vidonda ya tumbo. Huko Arua iko na mashine ya kuangalia."

Ndiyo maana siku tuliyogundua ugonjwa wake tulikuwa tumekaa kwenye foleni ya tumbo.

Wale waliowahi kungoja hospitalini watanielewa. Unakaa kwenye benchi, foleni inasogea, mnainuka wote na kukaa tena nafasi moja mbele, na kila mlango ukifunguka unadhani ni jina lako. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa majibu ya maswali yote ya daktari. Niliyarudia kichwani. Niliogopa kusema "wiki" mahali pa "mwezi" halafu Bibi apewe dawa isiyo yake kwa sababu yangu.

Mbele yetu, kwenye benchi la foleni nyingine, alikaa mama mmoja wa Sudan Kusini, mguu wake umefungwa bandeji. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Poni. Bibi aliteremsha kitenge ili anywe maji, na yule mama akamkazia macho.

"Ya mama! Na wewe!" Akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole, akaonyesha pengo. "Wewe iko watu ya wapi?"

"Koboko," Bibi alijibu, akisita. "Kakwa."

"Ah, mimi iko ng'ambo tu hapo. Walitoa wewe na nini?"

"Chuma."

"Ulilia?"

"Mimi? Hapana!"

"Muongo! Mimi ililia mpaka mbuzi ya jirani walikimbia."

Bibi alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile Jumapili. Alirudisha kichwa nyuma, kinywa wazi, na mwanga wa dirisha ukaingia mpaka ndani. Hapo nikaona. Upande wa kushoto, ndani ya shavu, palikuwa na utando mweupe kama uji uliogandia sufuriani, na katikati yake nyama mbichi.

"Bibi, hiyo ni nini?"

Kinywa kikafungwa. Kitenge kikarudi. "Iko sawa."

Mama Poni naye aliacha kucheka. "Mama, ambia mtoto," alisema polepole.

Bibi aliniinamia, akasema kwa Kikakwa, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya aibu. "Ni ule uchafu. Ule ambao simu yako iliusema. Nausugua kila asubuhi kwa majivu na chumvi. Unakaribia kuisha. Nilitaka uishe kwanza, ndipo nikuonyeshe."

Nilisimama, sikujua naenda wapi, nikakaa tena. Miezi yote ile nilipokuwa nikirekebisha herufi, alikuwa akisugua kidonda kwa majivu ili afaulu mtihani wangu. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa njia nyingine, isiwe na makali hivi. Haikubali.

Tulitoka foleni ya tumbo tukaenda ya meno. Daktari wa meno alikuwa dada mrefu, Mlugbara. Kiswahili ndicho kilichomkutanisha na Bibi. Lakini Bibi alipokaa kwenye kile kiti kinacholala, alifunga mdomo akakataa katakata.

"Mpaka nisafishe kwanza."

"Nani aliambia wewe ni uchafu, mama?"

Bibi aliangalia dari. Alikuwa ananificha mimi.

"Mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Nilingoja kugombezwa. Kwa kweli nilitamani. Daktari alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia Bibi. "Mama, mimi sitafuti uchafu. Natafuta kidonda. Kidonda hapana kosa ya mutu."

Bibi bado alikuwa amefunga mdomo. Ndipo tuliposikia mguu unaburutwa nje, na Mama Poni akaingia bila kuitwa. Alikuwa ameacha nafasi yake kwenye foleni, ile aliyoikalia tangu asubuhi. Akamshika Bibi mkono. "Fungua, dada yangu. Mimi iko hapa. Ukilia, mbuzi iko mbali."

Bibi akafungua.

Kulikuwa na gego lililovunjika zamani, lenye ncha, likikwaruza shavu pale pale anapoweka tumbako. Na juu ya hayo, majivu. Daktari alisema atakata kipande kidogo cha nyama kipelekwe Kampala kupimwa, na kwamba huenda baadaye shavu likahitaji kukatwa. Neno saratani alinitajia mimi kwanza kwa sauti ya chini, halafu akajirudi, akalitaja tena kwa sauti ya kawaida, akimtazama Bibi. "Kinywa iko yake," alisema. "Yeye ndiye asikie."

Kungoja majibu kulikuwa kubaya kuliko operesheni iliyofuata. Nilimweka Bibi kwangu Manibe. Daktari alilichonga gego lile, akakataza tumbako na majivu, akampa dawa ya kusukutua. Kazi yetu ilikuwa kungoja tu, na mimi kungoja sijui. Kila mchana baada ya uji nilimwomba afungue kinywa, nikapiga picha kwa simu. Nililinganisha picha ya leo na ya jana. Nilivuta nyama ile ikajaa skrini nzima, nikaona imepanuka. Nikaitazama tena, nikaona imepungua. Nikaanza kushuku mwanga wa dirisha. Nilisoma kila nilichokipata mtandaoni kuhusu saratani ya kinywa, nikaacha, nikasoma tena. Nilipompelekea daktari zile picha zimepangwa vizuri, alinirudishia simu kabla hajafika mwisho.

"Acha kupiga picha. Mlishe."

Bibi mwenyewe alikuwa mtulivu, au alijifanya. Alikaa mlangoni akichambua maharage ambayo hakuweza kuyala. Kitu kimoja tu kilimponyoka. Siku moja jirani aliozesha binti, akinamama wakapiga vigelegele, na Bibi akaweka mkono shavuni.

"Wakikata hapa," aliuliza, "vigelegele itatoka?"

Kanisani Dranya kila mtu anajua kigelegele cha Bibi Kiden. Nilimwambia kitatoka. Sikuwa na haki ya kumwambia hivyo, kwa sababu sikujua.

Baba mdogo Taban alifika bila taarifa, pikipiki ya boda ikimshusha uwanjani, viatu vimejaa tope la Koboko. Hakuketi.

"Mwaka jana mama yangu alikuwa anakula," alisema. "Wewe ukaleta simu."

"Baba mdogo, simu haikuleta kidonda."

"Lakini ulisema mbele ya kanisa yote kwamba yeye ni mchafu. Au hukusema?"

"Nilisema."

"Sasa unataka wamkate uso. Mama iko mzee. Mzee hapana kukatwa. Narudi naye nyumbani leo. Iko mzee mmoja ya mizizi, alimponya dada ya mke wangu."

"Dada ya mke wako alikuwa na jipu!"

Sauti zetu zilikuwa zimepanda mpaka watoto wa jirani wakasimama kutazama. Bibi akatoka ndani, amejifunga kitenge kiunoni kama anayekwenda shambani. Mdomo haukufunikwa.

"Nyinyi iko nagawana mimi kama mbuzi ya Krismasi?" alisema. "Huyu anachukua kichwa, huyu anachukua mguu? Mdomo iko yangu. Mimi nitangojea Kampala. Taban, kaa chini, kunywa chai. Wani, wewe pia, punguza mdomo."

Tukakaa, tukanywa. Baba mdogo hakunitazama, lakini alipoondoka aliacha mfuko wa simsim iliyokaangwa, akasema tu, "Saga laini." Naandika hili kwa ajili ya familia zinazogombana kando ya mgonjwa. Sisi wote wawili tulikuwa na hofu ile ile, kila mmoja akitafuta pa kuitupa.

Majibu yalirudi mahindi yalipokuwa yamefika kiunoni. Daktari aliyasoma kimya kwanza, nami nikasoma uso wake. Haukuonyesha kitu.

"Si saratani," alisema. Nikaanza kuinuka kwenye kiti. "Bado. Lakini ilikuwa njiani. Sehemu yote ile lazima itoke, tena upesi."

"Tukiitoa, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni kiasi gani?"

"Sijui."

"Lakini kwa kawaida..."

"Wani," alisema, mara ya kwanza kuniita kwa jina, "ningejua ningekuambia."

Bibi aliuliza swali moja tu, lile la vigelegele. Daktari alisema hawezi kuahidi. Bibi akafikiri kidogo. "Basi toa," alisema. "Nitapiga makofi."

Walimfanyia operesheni Arua hapo hapo. Yeye alikuwa amepewa usingizi. Mimi nilikaa nje na Baba mdogo Taban, aliyekuja alfajiri na kukaa benchi moja nami, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Mvua ilinyesha, tukasogea ukutani wote wawili, nafasi ile ikaisha.

Alipotoka uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, mdomo umevutwa pembeni. Mate yalimtoka bila yeye kujua, naye ni mwanamke ambaye hatoki nyumbani kabla ya kupaka mafuta miguuni. Nilimfuta. Alinipokonya kitambaa akajifuta mwenyewe. Muuguzi akatuambia aanze kunywa, lakini taya lilikuwa limekaza, meno ya juu na ya chini hayaachani hata kwa unene wa kidole. Kwa wagonjwa wengine, muuguzi alisema, hapo ndipo taabu inapoanza.

Bibi akanyoosha mkono, akaonyesha mrija uliokuwa kwenye kikombe cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamletea wetu. Akauingiza mbele, chini, pale kwenye pengo. Ukapita kama uliotengenezewa mlango. Uji wa simsim ya Baba mdogo, uliosagwa laini, ukaanza kupanda kwenye mrija, na koo lake likacheza.

Sikuweza kuondoa macho. Meno manne. Yale niliyoyapaka nyekundu.

Alipomaliza kikombe alisema jambo kwa sauti iliyovimba, nikalazimika kuinama nisikie. "Wazee walisema," alinong'ona, "ukishikwa na ugonjwa ya kufunga taya, uji itapita wapi? Ndiyo maana walitoa." Akapumzika. "Andika hiyo kwa simu yako."

Baba mdogo Taban alicheka mpaka muuguzi akamnyamazisha. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye veranda, mvua ikinirushia matone, nikalia kama ule uso niliouchora.

Kupona kulikuwa kwa polepole, na hakuna aliyenionya jinsi kulivyo kwa kuchosha. Kovu ndani ya shavu hujikunja, na usipolinyoosha linafunga kinywa. Alipewa vijiti bapa vya mbao, avipange kimoja juu ya kingine kati ya meno, aongeze kimoja akiweza. Mara ya kwanza niliviweka mbele kama karatasi ya maelezo ilivyochorwa. Vikateleza vyote, vikaingia pengoni.

"Hapa iko mlango," Bibi alisema. "Vijiti inaingia tu."

Mimi wa zamani ningemwambia ashike vizuri zaidi, kwa sababu mchoro ulisema hivyo. Safari hii nilirudi kwa daktari nikauliza. Akatuonyesha namna ya kuviweka pembeni, upande wa magego mazima, na kufunga kitambaa ili visiteleze. Asubuhi, mchana, jioni. Kuna siku aliongeza kijiti, kuna siku alivitupa uwanjani na kuniambia nivile mimi. Maneno yake yalirudi moja moja. Herufi zinazohitaji shavu zilichelewa. Tumbako aliiota usingizini, akaamka akitafuna hewa. Siku moja akiwa peke yake jikoni alijaribu kigelegele. Kilitoka kama sauti ya kuku aliyekanyagwa. Nilikaa nje mpaka nikasikia anacheka peke yake na kujaribu tena.

Mama Poni alimtembelea mara moja alipokuja kufunguliwa bandeji. Walikaa kivulini, wakaonyeshana makovu, mguu kwa shavu, wakishindana nani aliteseka zaidi. Mama Poni alishinda, kwa uongo.

Simsim ilipovunwa tena, Bibi aliomba kuiona ile programu. Nilikuwa nimeifuta yote nikaanza upya, na sikuwa nimemwonyesha mtu.

"Leta ile kitu," alisema, kama ile Jumapili.

Skrini ya kwanza sasa haikuwa na mchoro. Ilikuwa na sauti yangu, ikiuliza kwa Kikakwa na kwa Kiswahili cha kwetu: kuna meno uliyotolewa ukiwa kijana, kwa mila? Ukijibu ndiyo, yanaondoka kwenye mchoro, kinywa kinabaki na pengo lake, na hakuna rangi. Kisha inauliza kama kuna kidonda au weupe ambao umekaa zaidi ya wiki mbili, na kumwambia mzee amwite mtu wa nyumbani atazame naye kwenye mwanga. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaanza tena.

"Sauti yako iko na haraka," alisema. "Na kwanza uliza mutu anakula nini. Kama iko nakula uji tu, na hapana mgonjwa ya tumbo, hapo ndiyo utajua. Mimi ningejibu hiyo. Kuhusu uchafu hapana mutu atajibu."

Kwa hiyo nilimpa simu arekodi yeye. Herufi kadhaa bado hazijanyooka mdomoni mwake. Nilitaka turudie mpaka zinyooke. Alikataa, akasema wazee wenzake nao hawana meno ya kunyoosha herufi.

Tuliirudisha Dranya Jumapili moja, kwenye mabenchi yale yale. Nilikaa nyuma. Mzee Lomoro aliiweka simu sikioni kama anayepigiwa, akasikia sauti, akaiondoa haraka akaitazama.

"Kiden iko ndani ya simu! Sasa nikichoka naye nitamzima tu."

"Zima," Bibi alimjibu kutoka mbele, "lakini kwanza fungua mdomo nione."

Akafungua. Wazee wengine wakafungua pia, wakaanza kutazamana vinywani, wakisukumana wapate jua. Mama mmoja aliambiwa ana kitu cheupe chini ya ulimi. Kesho yake alikuja Arua, kikawa kidonda cha kawaida, kikapona. Niliogopa naye mpaka nilipopewa habari.

Hofu haijaniisha, na sitaki kukudanganya kwamba huisha. Kila baada ya miezi mitatu tunarudi kwa daktari. Safari iliyopita aliona weupe mdogo karibu na kovu, akasema tutauangalia tu kwanza. Nilitaka kupiga picha. Sikupiga.

Yaliyobadilika ni haya. Programu haitoi alama tena, na ule uso unaolia haupo. Bibi ameacha majivu na tumbako. Anakula ugali wa muhogo, taratibu, upande wa kulia. Kigelegele chake ni kifupi kuliko zamani. Na nikifika Dranya, alikorudi kuishi, kabla salamu hazijaisha, anaondoa kitenge, anageukia mwanga, na kufungua kinywa bila kuombwa.